Nyumba ya Desemba, jina la nani?

Desemba ikikaribia, stendi ya Voi hugeuka duka la vifaa vya ujenzi. Juu ya matatu za Mwatate na Wundanyi hulazwa mabati yaliyofungwa kwa kamba. Chini ya viti husukumwa mifuko ya saruji, ndoo za rangi na vitasa vya milango. Abiria walioshuka kwenye treni ya SGR kutoka Nairobi au Mombasa husubiri zamu yao, watoto wakisinzia juu ya mizigo. Wanapanda milima ya Taita kwa Krismasi, lakini wengi hawaendi kupumzika tu. Wanaenda kuongeza chumba, kupiga plasta, kumalizia choo, kusimamisha tangi la maji.

Kabla ya safari hiyo kuna jambo dogo hutokea dukani, na ukishaliona mara moja utaliona kila mahali. Muuzaji wa hadiwea amekwisha kuhesabu nondo na misumari. Mke ametoa simu, ametuma pesa, ujumbe umeingia. Muuzaji anafungua kitabu cha risiti, anapenyeza karatasi ya kaboni, anauliza: "Niandike jina gani, mama?" Na mama huyo, ambaye pesa zimetoka kwenye simu yake sasa hivi, anajibu bila kufikiri: "Andika la baba watoto." Baba watoto yuko nje anakaza kamba za mabati. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake hapo. Ni heshima tu, ile ya kumpa mwenye boma nafasi yake mbele ya watu.

Risiti hiyo inakunjwa, inatiwa kwenye mkoba, inasahaulika. Miaka 12 baadaye inaweza kuwa karatasi pekee inayosema nani aliijenga nyumba ile, nayo itasema uongo.

Msimamo wa makala haya hauna mzunguko. Nyumba ya likizo inayojengwa kwa jasho la wawili iandikwe kwa majina ya wawili, na iandikwe kabla msingi haujachimbwa. Ikisubiri ugomvi au matanga, itakuwa imechelewa.

Nyumba ya likizo ya Mkenya

Neno "nyumba ya likizo" huwafanya watu wafikirie ufuo wa Diani au Watamu, na majumba yenye bwawa la kuogelea. Wapo wenye nyumba hizo. Lakini nyumba ya likizo ya Mkenya wa kawaida haiko ufuoni, iko kwao. Iko Wundanyi, Werugha, Mgange, Bura, Sagalla, Kasigau. Iko pembeni mwa mji wa Voi, ambako tangu SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017 watu wa Nairobi na Mombasa wamezidi kutafuta viwanja. Mwenye nyumba hiyo hulala humo wiki 3 za Desemba, siku chache za Pasaka, na usiku wa kila msiba. Miezi iliyobaki anaishi kwenye vyumba viwili vya kupanga Mikindani au Embakasi.

Fikiria maana yake. Mahali anapolala miezi 11 hana hata msumari wake. Alicho nacho duniani, akiba yote ya ndoa, kiko kwenye nyumba ile ya mlimani. Kwa hiyo anayepoteza nyumba ya likizo hapotezi starehe. Anapoteza mahali pa kuzeekea.

Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, na Mtaita amelishika neno hilo kwa dhati. Mtu aliyestaafu bandarini bila nyumba nyumbani huonwa kama aliyetembea bure. Shida ni kwamba "kwao" katika methali hiyo ni kwa mmoja tu kati ya wanandoa. Mwingine anajenga kwa wenzake.

Ardhi ya babu, saruji ya mke

Hapa ndipo pa kutulia kidogo, maana wengi hudhani sheria tayari imelimaliza jambo hili. Wamesikia kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na ndoa inapovunjika. Wamesikia pia kuwa kuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Yote ni kweli. Hata nyumba ya pili imo: sheria hiyo, inapoeleza mali ya ndoa ni nini, inataja nyumba ya ndoa au nyumba za ndoa, kwa wingi. Ile ya mlimani ambayo familia huitumia kama makazi yake wakati wa likizo ina nafasi nzuri ya kuhesabiwa, sawa na ya mjini.

Lakini kifungu hicho hicho cha sheria hiyo, cha 6, kina mstari mwingine mfupi ambao wachache huusoma. Unasema kuwa mali inayoshikiliwa kwa amana, ikiwemo amana ya kimila, si mali ya ndoa. Na nyumba nyingi za Desemba zimejengwa juu ya nini, kama si ardhi ya aina hiyo?

Mambo huenda hivi. Kijana anaoa. Baba mtu anamchukua asubuhi moja, wanashuka naye mteremko, mzee ananyoosha fimbo: "Kutoka mwembe ule mpaka kwenye lile jiwe, jenga hapo." Hakuna karatasi. Hati, kama ipo, ina jina la babu aliyezikwa zamani, na mirathi yake haijafunguliwa kwa sababu baba wadogo hawajakubaliana au nauli ya kwenda mahakamani haijapatikana. Mke mpya anaonyeshwa mahali hapo, anashukuru. Mwaka wa tatu anachukua mkopo wa sacco, unakatwa kwenye payslip yake miezi 48, na fedha zote zinaingia kwenye msingi na kuta. Nyumba inapendeza. Ina veranda, ina vigae, ukikaa nje jioni unaiona nyika yote hadi Tsavo.

Nayo ni ya nani? Kisheria, kilichojengwa ardhini huifuata ardhi. Ardhi ni ya babu. Kwa hiyo ule mkopo wa miezi 48, kwa macho ya karatasi, ni zawadi aliyopewa marehemu.

Katika Sheria ya Mali ya Ndoa kipo pia kifungu cha 9 kinachomsaidia mwenzi aliyechangia kuboresha mali ambayo si ya ndoa: anapata haki ndani yake kwa kadiri alivyochangia. Ni kifungu kizuri sana. Lakini kinazungumzia mali ya mwenzake. Kama ardhi ni ya mumewe, aliyoirithi na kuandikishwa kabla ya ndoa, mke ana mlango wa kubisha. Kama ni ya baba mkwe, au ya ukoo mzima, mume mwenyewe hana hati ya kumpunguzia mkewe. Atadai kutoka kwa nani?

Taita Taveta ni kaunti kubwa yenye ardhi ndogo. Asilimia 62 hivi ya eneo lake ni hifadhi za Tsavo Mashariki na Magharibi. Chini huko kuna mashamba makubwa ya mkonge na ranchi. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wamebanana mno kwenye vilima na kandokando ya barabara kuu. Tangu zamani familia za Wataita zilikuwa na vipande vilivyotawanyika, kimoja juu kwenye baridi, kingine chini kwenye joto, ili mvua ikikosekana huku ipatikane kule. Vipande hivyo vimegawanywa, vikagawanywa tena. Ndiyo maana mzee ananyoosha fimbo badala ya kuita mpima ardhi: akiita mpima, kila mwana atataka cha kwake kionekane kwenye ramani, na huenda kisitoshe.

Usawa unaodai ushahidi

Kwa miongo mingi Kenya iligawa mali ya wanandoa kwa kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Echaria kuhusu shamba la Tigoni, ilimpunguzia mke kutoka nusu hadi robo, ikisema kuwa kazi za ndani za mke hazihesabiki kama mchango wa kununua mali. Hukumu hiyo iliwauma wengi, na ni sehemu ya sababu zilizozaa sheria ya 2013, ambayo sasa inahesabu pia kupika na kutunza nyumba, kulea watoto, kulima shamba, kusimamia biashara ya familia, na hata kuwa mwenzi wa karibu.

Tanzania iliuona mwanga huo mapema. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ya huko ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki bado wanaisoma.

Kisha ikaja Januari 27, 2023. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi inayojulikana kwa herufi JOO na MBO, iliamua kwamba usawa wa kifungu cha 45 cha Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Katika kesi yenyewe mke alithibitisha, na nusu aliyopewa na Mahakama ya Rufani ikabaki. Siku hiyo hiyo mahakama ilitoa hukumu nyingine, ya MNK na POM, kuhusu watu wawili walioishi pamoja bila ndoa kuthibitika. Iliwagawia nyumba asilimia 70 kwa 30 kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Neno ni lile lile: thibitisha.

Sasa mrudie yule mama wa hadiwea na risiti yake yenye jina la mumewe.

Tena mchukue muuguzi anayefanya kazi Mombasa, na mumewe dereva wa lori. Wamekubaliana vizuri, bila kelele: mshahara wa mume utajenga nyumbani, wa mke utalipa kodi ya nyumba, karo, chakula na bili ya stima. Ni mpango wa busara ambao familia nyingi huufuata. Baada ya miaka 10 pesa za mume zimegeuka kuta zinazoonekana kutoka barabarani. Pesa za mke zimegeuka ugali ulioliwa na sare za shule zilizochakaa. Yeyote atakayepita pale atasema nyumba ile ni ya dereva. Sheria inakubali kwamba ugali ule ulijenga nyumba ile. Lakini mbele ya hakimu ugali hauna risiti, na mwanamke yule atahitaji wakili, muda, na moyo wa kusimama kizimbani kueleza maisha yake ya ndoa mbele ya wageni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka huiandika methali hiyo ukutani juu ya meza ya fedha. Kwa nini isiandikwe pia chumbani?

Mume naye

Ni rahisi kuifanya habari hii kuwa ya wanawake peke yao, na takwimu zinamsukuma mtu huko. Shirika la Kenya Land Alliance lilipochambua sehemu ya hatimiliki zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, lilikuta wanawake wamepata asilimia 10.3 ya hati hizo, na asilimia 1.62 tu ya ukubwa wa ardhi yenyewe. Tofauti hiyo inatisha, na haiwezi kufichwa na mtu anayetaka kusema kweli.

Hata hivyo wanaume pia huachwa nje. Yupo aliyeoa kwa watu wenye nafasi, akajenga kwenye kipande alichopewa mkewe na baba yake, kisha mke akafariki na shemeji zake wakaja na mpima. Yupo aliye Qatar au Saudia anayetuma pesa kila mwezi, na kiwanja cha Voi kikaandikwa jina la kaka wa mkewe "kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu." Na wanawake wa Pwani waliokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani wanaijua hadithi hiyo kwa upande wao. Anarudi baada ya miaka 4 ya kulea watoto wa wengine, anakuta nyumba nzuri imesimama kwenye hati ya mume, na pengine yumo mke mwingine ndani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayejenga kwa simu anamtegemea kabisa anayeshika kalamu.

Katika hali zote hizi kosa ni moja: ndoa ilikuwa ya wawili, fedha zikawa za wawili, karatasi ikawa ya mmoja au ya mtu wa tatu.

Kufuli jipya

Nyumba ya Desemba ina ufunguo wake, na ufunguo huo kwa kawaida hukaa kwa mama mkwe. Umefungwa kwa kipande cha leso kuukuu, umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Yeye ndiye hufungua madirisha mara moja kwa mwezi, hufagia buibui, huanika magodoro. Ni wema mkubwa. Hakuna mlinzi wa kulipwa anayeweza kulinda nyumba kama mama anayeiona kutoka shambani kwake.

Siku mume anapofariki, ufunguo ule hubadilika maana. Baada ya matanga, mjane anarudi mjini kwa sababu watoto wana shule. Desemba ikifika anapanda matatu kama kawaida. Anakuta kufuli jipya mlangoni. Shemeji anasema kwa upole kwamba kijana wa mdogo wake alihitaji pa kulala, na kwamba "mambo ya nyumba tutaongea." Hayaongewi. Mama mkwe, aliyempenda, anatazama chini.

Sheria ya Mirathi inayotumika Kenya tangu Julai 1981 inampa mjane mwenye watoto vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali nyingine ya mumewe maisha yake yote. Kwa Waislamu mafungu yanajulikana, thumni kwa mke ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha, na Voi kuna Mahakama ya Kadhi ya kuyaamua. Lakini sheria zote hizo zinagawa mali ya marehemu. Kama ardhi haikuwahi kuwa ya marehemu, mjane anarithi nini? Anaweza kwenda mahakamani na kudai kuwa ukoo uliikabidhi ardhi kwa mumewe. Wapo walioshinda hivyo. Lakini ni vita vya miaka, dhidi ya watu ambao watoto wake huwaita babu na baba mdogo.

Linganisha na nyumba iliyo kwenye kiwanja chenye hati ya majina mawili. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ina aina ya umiliki wa pamoja usiogawika mafungu: mmoja akifa, sehemu yake humwendea aliyebaki. Na sheria hiyo imeuweka umiliki huo kwa ajili ya wanandoa. Wengine wote, hata ndugu wa tumbo moja, hawawezi kuuanzisha bila ruhusa ya mahakama. Nchi hii imewatengenezea mume na mke mlango wao peke yao kwenye sajili ya ardhi. Inasikitisha kuona jinsi wachache wanavyopita humo.

Hofu ya ukoo

Wazee wana jibu lao, na halistahili kudharauliwa. Wanasema: tukimwandika mke wa kijana kwenye ardhi ya babu, wakiachana atauza kwa mgeni, na mgeni atakuja kujenga baa juu ya makaburi yetu. Yeyote aliyezika watu wake mlimani anaelewa uzito wa maneno hayo. Kipande cha ukoo si bidhaa tu. Ni jina la watu, ni kaburi la bibi, ni mahali binti aliyeshindwa na ndoa anaweza kurudi. Sheria ya 2013 yenyewe inalikubali hilo. Kifungu cha 11 kinataka mila ziangaliwe mali inapogawanywa, mradi zisipingane na Katiba, na kinataja ardhi ya mababu na haki ya mke kuifikia na kuitumia.

Lakini hofu hiyo inajibu swali moja na kuliacha jingine. Kama ukoo hautaki ardhi itoke, haki ya ukoo ni juu ya ardhi. Mbona unachukua na nyumba? Kama mke asiandikwe kwenye udongo, basi aandikwe kwenye matofali. Mzee anayesema "ardhi haiuzwi" anaweza pia kusema, mbele ya watoto wake wote na kwenye karatasi iliyosainiwa: "Nyumba hii imejengwa na mwanangu na mkewe, mmoja akiondoka au akifa, mwenziwe atakaa humo mpaka mwisho wake, au atalipwa alichotia." Karatasi ya namna hiyo haina nguvu za hati, lakini ni ushahidi mzito, na inabadili mazungumzo siku ya kufuli jipya.

Na kama mzee hataki kusema hata hilo, basi wanandoa wamepata habari muhimu mapema. Wasijenge pale. Watafute kiwanja chao wenyewe, hata kama ni chini Voi kwenye joto, hata kama ni robo eka. Aibu ya kutojenga karibu na baba ni ndogo kuliko ya kufukuzwa.

Kalamu kabla ya koleo

Kinachotakiwa hakihitaji utajiri. Kwenye ardhi ya familia, njia safi ni mzee mwenyewe, akiwa hai, kukata kipande na kukihamisha. Kama ni ardhi ya kilimo, lazima bodi ya ardhi itoe idhini, na bodi hiyo hutaka kuona familia. Hapo ndipo pa kusema majina mawili. Kama hati bado ina jina la babu, mirathi ifunguliwe kwanza, hata ikichukua miaka miwili, na saruji isubiri. Saruji ikinunuliwa mapema huganda kwenye mfuko. Hilo kila fundi analijua, lakini saruji iliyokwisha kujengwa kwenye ardhi ya mwingine ndiyo hasara isiyorudi.

Kwenye kiwanja cha kununua, mkataba uwe na wanunuzi wawili tangu ukurasa wa kwanza. Seachi ifanywe kwenye ofisi ya ardhi na wote wawili wayaone matokeo, maana huku wapo wanaouziana viwanja kwa karatasi ya makubaliano yenye muhuri tu. Hati ikitoka na majina yote mawili, sheria inaanza kwa kudhani mafungu ni sawa. Ikitoka na jina la mmoja, inadhani kwamba anamshikia mwenzake amana, lakini dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, na mzigo unaanza kuelemea upande usio na karatasi.

Tena wanandoa wajue kuwa mambo yamekuwa magumu zaidi tangu 2016. Awali Sheria ya Usajili wa Ardhi iliitaja haki ya mwenzi katika mali ya ndoa miongoni mwa haki zinazoifunga ardhi hata zisipoandikwa kwenye sajili. Mabadiliko ya mwaka huo yaliifuta. Bado kifungu cha 12 cha sheria ya 2013 kinakataza kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi inabatilisha rehani ya nyumba ya ndoa isiyo na idhini hiyo. Ila mnunuzi wa Nairobi anayetazama hati yenye jina moja atajuaje kuwa kuna mke? Nyumba ya likizo ndiyo hatari zaidi hapo, kwa sababu mnunuzi akija kuikagua mwezi wa tano anakuta imefungwa. Hakuna nguo kwenye kamba, hakuna mtoto uani, hakuna mtu wa kumuuliza anatoka wapi. Mwenzi asiye na jina kwenye hati na mwenye wasiwasi wa kweli anaweza kuweka kosheni kwenye sajili. Anaweza pia, bila kuomba talaka, kuiomba mahakama itangaze haki yake. Kifungu cha 17 cha sheria ya 2013 kinamruhusu, na wengi wanaoishi kwa hofu hawakijui.

Na kuna lile dogo la kuanzia leo. Pesa za ujenzi zitoke kwenye simu ya aliyezitoa, na ujumbe usifutwe. Risiti zipigwe picha. Mkopo wa sacco uandikwe sababu yake ya kweli. Mume anayempenda mkewe amwambie muuzaji wa hadiwea: andika yetu sote. Itachukua sekunde 5 na mstari mmoja wa wino.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yanaingiza shaka ndani ya ndoa. Mbona cheti cha ndoa chenyewe ni karatasi yenye sahihi mbili na mashahidi, na hakuna anayekiita shaka? Mtu anayekataa jina la mwenzake kwenye hati kwa hoja ya kuaminiana anaomba kuaminiwa yeye peke yake.

Desemba hii, familia nyingi zitakaa kwenye veranda hizo mpya, sahani za kimanga zikizunguka, watoto wa mjini wakifukuzana na mbuzi. Mzee atakuwepo kitini pake, fimbo ikiegemea ukutani. Kabla ya mizigo kufungwa na matatu ya kuteremka Voi kupiga honi, kuna swali ambalo mwana na mkewe wanaweza kumuuliza wakiwa wamekaa pamoja: "Baba, kipande hiki tulichojenga, twende tukakipime lini?" Mwaka huu bado ana miguu ya kwenda kwenye kikao cha bodi, na bado anakumbuka lile jiwe liko wapi.